Feni za kompyuta zinaingia kwenye rekodi zangu. Nani azisimamie?

SWALI

Shikamoo fundi,

Mimi ni kijana wa Tanga. Nina studio ndogo nyumbani, chumba cha uani ambacho zamani kilikuwa stoo ya mama. Narekodi kaswida za madrasa, matangazo ya maduka, na mwisho wa wiki nahariri video za harusi. Kompyuta yangu ni ya mezani, niliunganishiwa miaka miwili iliyopita. Prosesa ni Core i5-10400, kadi ya picha ni GTX 1650, na kasha lina feni mbili mbele, moja nyuma, pamoja na ile inayokaa juu ya prosesa.

Shida yangu ni kelele. Feni za mbele zinaunguruma tangu ninapowasha hadi ninapozima, hata kama sijafungua kitu chochote. Ya prosesa ina tabia yake: inatulia, mara inapanda, inashuka, inapanda tena, kila nikigusa faili. Mwezi uliopita walikuja watoto kumi na wanne wa madrasa na mwalimu wao. Waliimba vizuri sana. Usiku nikavaa hedifoni nianze kusafisha sauti, na pale kwenye kimya kabla ya ubeti wa pili nikaisikia feni inapanda kisha inashuka. Nikitaka kuikata haikatiki, kwa sababu mtoto anayeanzisha ubeti ameingia juu yake. Niliona aibu kuwaita tena, nikawapa hivyo hivyo, na mpaka leo nikiisikia ile kaswida ikipigwa mtaani naisikia feni peke yake.

Nimeuliza watu na kila mmoja ana lake. Rafiki yangu aliyeko Dar ana kisanduku chenye vitufe vya kuzungusha, kinakaa pale palipokuwa pa kuwekea DVD, anasema ataniuzia kwa bei nzuri. Fundi wa hapa mtaani anasema atabadilisha waya, feni zipate volti 7 badala ya 12, zitatulia moja kwa moja. Binamu yangu anasema nitumie programu tu. Aliyeniuzia kompyuta anasema nisiguse chochote, Tanga ni joto, feni ziende kwa nguvu zote.

Nilianza na programu kwa sababu haina gharama. Niliweka feni zote asilimia 20 kwa mkono. Za mbele hazikusikia hata kidogo, ila ya prosesa na ya nyuma zilinyamaza, nikarekodi tangazo safi kabisa. Kesho yake nikasahau. Niliweka video ya harusi yenye urefu wa saa mbili ijirende (kompyuta iitengeneze iwe faili kamili), nikaenda kuswali Isha. Niliporudi kompyuta imejizima, kasha linachoma mkono, na kazi imekatika katikati. Tangu siku hiyo naogopa kugusa.

Nimeambatanisha picha ya ndani ya kasha. Nimetenga shilingi 60,000 kwa kazi hii. Nifuate njia ipi kati ya hizo?

Mrekodi wa kaswida, Tanga

JIBU

Marahaba mwanangu. Nimeikuza picha yako mpaka nikaona vumbi kwenye mapezi ya hitisinki (kile chuma kinachotoa joto la prosesa), na nimefurahi kwamba uliituma, kwa sababu nusu ya jibu imo humo.

Angalia chini kulia, pale feni za mbele zilipochomekwa. Zimeunganishwa kwa waya wa Y zikaingia kwenye soketi moja ya madabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Soketi ile ina pini nne, lakini plagi iliyoingia ina matundu matatu, na pini ya nne imebaki uchi pembeni. Plagi ya juu ya prosesa na ile ya feni ya nyuma zina waya nne kamili. Usizitazame rangi, maana kila kiwanda kina zake. Hesabu waya.

Feni ya waya tatu ina waya wa ardhi, waya wa volti 12, na waya wa tatu unaorudisha habari ya kasi kwa madabodi. Huo wa tatu hautoi amri yoyote. Kila feni ikimaliza mzunguko mmoja unapiga mapigo mawili, madabodi inayahesabu na kujua mizunguko kwa dakika. Feni ya aina hii ukitaka ipunguze mwendo, huna njia ila kuipunguzia volti.

Feni ya waya nne inapata volti 12 wakati wote. Kasi yake inatawaliwa na ule waya wa nne, unaowasha na kuzima ishara takriban mara 25,000 kwa sekunde. Ishara ikikaa juu muda mrefu zaidi, feni inakwenda mbio. Ikikaa juu muda mfupi, inakwenda pole. Wewe mtu wa sauti unajua kwamba sikio la binadamu linaishia kwenye 20,000 hivi, na ndiyo sababu walichagua namba iliyo juu ya hapo. Njia hii inaitwa PWM. Ile ya kupunguza volti, kwenye BIOS (kurasa za mipangilio ya madabodi zinazofunguliwa kabla Windows haijawaka) utaikuta imeandikwa DC.

Sasa ukichomeka feni ya waya tatu kwenye soketi iliyowekwa PWM, madabodi inapeleka volti 12 bila kukoma na inatoa amri zake kwenye ile pini ya nne ambayo hakuna kitu kilichoishika. Feni haisikii. Inakwenda kwa nguvu zote mchana na usiku. Ndiyo maana programu ya binamu yako ilizinyamazisha zile mbili za waya nne, na hizi za mbele zikaendelea kuunguruma kama hazikuambiwa kitu. Aliyekuunganishia kompyuta alichomeka akaondoka, hakuingia kwenye BIOS kubadilisha mpangilio wa soketi hiyo kutoka PWM kwenda DC. Ni kazi ya dakika mbili na hailipiwi hata shilingi.

Kabla ya kwenda huko, tuzungumze walichokushauri watu wako, kwa sababu wote wanne wana sehemu ya ukweli na sitaki uwaone kama wamekudanganya.

Fundi wa volti 7 anachotaka kufanya ni hiki: kwenye plagi kubwa ya pawasaplai kuna waya wa njano wenye volti 12 na mwekundu wenye volti 5. Akiiweka feni kati ya hizo mbili inapata tofauti yake, volti 7. Inafanya kazi, nimewahi kuifanya zamani kwenye mashine za watu. Siifanyi tena. Umeme unaopita kwenye feni unarudi kupitia waya wa volti 5, na njia ile imetengenezwa kutoa umeme, haikutengenezwa kuupokea. Hata tukiliacha hilo, feni iliyofungiwa volti 7 itakwenda kwa mwendo huohuo uwe unarekodi mtoto mmoja saa tatu usiku au unarenda harusi saa nane mchana mwezi wa pili, Kaskazi imeshika na chumba kinachemka. Haijui joto na haina wa kuiambia.

Kisanduku cha vitufe cha rafiki yako nakipenda zaidi, na kwa mtu wa studio kina raha yake: mkono unashusha kelele kabla ya kubonyeza rekodi, mkono unapandisha baadaye. Lakini rudi kwenye ile harusi. Feni ilishushwa kwa mkono, mwenye mkono akaenda msikitini. Kitufe kingekufanyia vilevile. Ukija kukinunua siku moja, kifunge kwenye feni za kasha peke yake. Ya prosesa isitoke kwenye soketi yake iliyoandikwa CPU_FAN hata siku moja. Madabodi nyingi zikikosa mapigo ya kasi kwenye soketi hiyo zinagoma kuwaka na kuandika kosa, na zina haki.

Aliyekuuzia kompyuta anasema Tanga ni joto. Ni kweli, na nitarudi hapo kwa sababu ndipo watu wengi wa pwani wanapokosea. Lakini kuziendesha feni zote kwa nguvu zote si ulinzi, ni kuongeza vumbi na kuchosha beringi. Na kwa kelele hasara ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ukiipunguza feni kutoka mizunguko 1,400 kwa dakika hadi 700, hewa inapungua nusu, lakini kelele inashuka kwa takriban desibeli 15. Wewe unajua desibeli 15 kwenye rekodi ni nini. Kwa upande mwingine, ukiongeza feni ya pili inayofanana na ya kwanza kwa kasi ileile, kelele inapanda desibeli 3 tu. Kwa hiyo feni nyingi zinazokwenda pole ni bora kuliko chache zinazokwenda mbio, na kasha lako lina feni za kutosha.

Binamu yako yuko karibu na ukweli. Programu ilifanya ulichoiamuru. Wewe ulitoa amri ya namba moja isiyobadilika, asilimia 20, na feni nyingine zikifika hapo husimama kabisa. Joto likapanda, prosesa ikajipunguzia kasi yenyewe kujiokoa, maana hiyo ya kwako kikomo chake ni nyuzijoto 100, na iliposhindikana kompyuta ikajizima. Hapo haikuharibika, ilijihifadhi. Usiiogope.

Jibu langu ni hili: usukani uwe kwenye BIOS. Kwenye madabodi kuna kichipu kidogo, mara nyingi cha kampuni ya Nuvoton au ITE, kinachosoma joto na kuamuru feni. Hakihitaji Windows. Kompyuta ikigandama katikati ya kazi, kichipu kinaendelea. Ukirudisha Windows upya, mpangilio uko palepale. Umeme ukikatika ukarudi, feni zinaamka zikiwa na amri zao. Programu inaweza kuja juu yake baadaye kama msaidizi, lakini msingi uwe pale.

Anza na usafi, kwa sababu kwa vumbi nililoliona hata mpangilio wa malaika hautasaidia. Zima, chomoa waya wa ukutani, beba kasha nje uani. Tumia brashi laini na blowa. Unapopuliza, ishike feni kwa kidole isizunguke. Ikizungushwa na upepo wa blowa inapita kasi yake na beringi inaumia. Mapezi ya hitisinki ya prosesa utayakuta yamefunikwa na kitu kama blanketi la kijivu upande unaogusana na feni. Hilo litoe lote. Pwani vumbi linachanganyika na unyevu wa chumvi na kuganda, kwa hiyo usitegemee kupuliza peke yake. Kama pasta ya kati ya prosesa na hitisinki haijabadilishwa tangu siku ya kwanza, kwa kuwa umeshafungua, ibadilishe. Hapo ndipo sehemu ndogo ya zile 60,000 zako itakwenda.

Halafu hakikisha hewa inapita upande mmoja. Chukua kipande chembamba cha karatasi ya risiti, kishike mbele ya wavu wa feni za mbele kompyuta ikiwa imewaka. Kikivutwa kikaganda kwenye wavu, hewa inaingia. Nyuma kinatakiwa kisukumwe mbali. Nimeshakuta kasha ambalo feni zote tatu zinatoa hewa nje, na mwenye nalo amehangaika na mipangilio miezi mitatu.

Sasa washa na uingie BIOS, kwa kawaida ni kitufe cha Del au F2. Ukurasa wa feni una majina tofauti: kwenye ASUS ni Q-Fan, kwenye Gigabyte ni Smart Fan, kwenye ASRock ni Fan-Tastic Tuning, na MSI wanauweka ndani ya Hardware Monitor. Tafuta ile soketi ya feni za mbele, ibadilishe kutoka PWM kwenda DC. Utaisikia tofauti hapohapo, kabla hujatoka kwenye ukurasa. Ya prosesa na ya nyuma ziache PWM. Kabla ya hapo soma kibandiko kilicho katikati ya kila feni ya mbele, uone ampea. Soketi za kawaida hubeba ampea 1. Kama kila feni imeandikwa 0.25, mbili ni 0.5, huna wasiwasi. Siku ukitaka kutundika tano kwenye soketi moja ndipo ununue kigawio kinachochota umeme kwenye plagi ya SATA na kuchukua amri tu kutoka madabodi.

Tafuta pia feni inapokufa. Shusha asilimia polepole, tano tano, huku ukitazama mapanga. Ya waya tatu mara nyingi inasimama ikikaribia volti 5, yaani kama asilimia 40 ya 12. Ikishasimama, kuiamsha kunahitaji nguvu zaidi ya ile iliyokuwa inaizungusha. Kwa hiyo popote utakapoikuta inasita, panda asilimia kumi juu ya hapo, na iwe ndiyo sakafu ambayo hutashuka chini yake.

Sasa ule mstari unaoiambia feni joto likiwa hivi, kasi iwe hivi. Hapa ndipo habari ya Tanga inapoingia. Mistari unayoiona kwenye video za Waingereza imechorwa na mtu aliyeko kwenye chumba cha nyuzijoto 20. Chumba chako mchana kina 31. Feni haiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba, inaweza tu kupunguza kile kinachozidi. Tuseme prosesa ikiwa imetulia inakaa nyuzi 15 juu ya chumba. Kwa Mwingereza hiyo ni 35, kwako ni 46. Ukichukua mstari wake unaoanza kupandisha feni kwenye 40, kwako feni haitatulia kamwe, kwa sababu kompyuta ikiwa haifanyi kitu tayari imeshavuka. Na mpangilio wa kiwandani mara nyingi una kasoro hiyohiyo kwa watu wa pwani. Kwa hiyo sogeza mstari mzima kulia kwa nyuzi kumi hivi.

Kwa feni ya prosesa yako ningeanza hivi: hadi nyuzi 58 ikae asilimia 35 bila kutikisika. Kutoka hapo ipande taratibu, ifike 60 kwenye nyuzi 70, 85 kwenye nyuzi 80, na nguvu zote kwenye 88. Ile sehemu bapa ya mwanzo ndiyo itakayoiokoa kaswida. Kurekodi sauti hakuichoshi prosesa. Itarukaruka kati ya 46 na 56, na feni haitajali.

Kule kupanda na kushuka ulikokusikia kuna dawa ya pili. Joto la prosesa huruka kwa nyuzi kumi ndani ya sekunde moja ukifungua faili, kisha likarudi. Feni inayofuata kila mruko ndiyo inayopiga ile sauti yako ya vuu. Kwenye ukurasa huohuo tafuta mpangilio wa kuchelewesha: baadhi ya madabodi zinakupa sekunde za kusubiri kabla ya kupanda na kabla ya kushuka, nyingine zinakupa tofauti ya nyuzi zinazotakiwa kabla feni haijabadilika. Chagua thamani kubwa kabisa iliyopo, hasa ya kushuka. Sikio linavumilia mvumo ulio sawa, na wewe unaweza kuuondoa kwa programu yako ya sauti ukichukua sekunde chache za kimya kama sampuli. Mvumo unaobadilika hauna sampuli, ndiyo maana ule wa ubeti wa pili ulikushinda.

Feni za kasha usizifungamanishe na joto la prosesa kabisa. Zifungamanishe na sensa ya madabodi, ambayo inapanda na kushuka polepole, inafuata hali ya hewa ya ndani ya kasha. Asilimia 50 hadi nyuzi 42, 70 kwenye nyuzi 50, zote kwenye 60. Hizi namba ni za kuanzia, utazirekebisha kwa sikio lako.

Kuna jambo moja BIOS haiwezi. Kwa kawaida haioni joto la kadi ya picha. Kadi ina feni zake na inajisimamia, hilo usiliguse. Lakini unaporenda harusi, ile GTX 1650 inamwaga joto ndani ya kasha, na feni za kasha zitachelewa kujua. Hapo ndipo programu inapostahili nafasi. Iko moja ya bure iitwayo FanControl, iliyoandikwa na Rémi Mercier, inayoweza kusoma joto la prosesa na la kadi kwa pamoja na kuchagua lililo juu zaidi. Unaweza kuweka hali mbili, moja ya kurekodi na moja ya kurenda, ukabadilisha kwa kubonyeza mara mbili. Hata ile ya kurekodi iwe na mstari unaopanda joto likizidi, isiwe namba moja iliyogandishwa. Ukifanya hivyo, siku utakayosahau tena, na utasahau, feni zitapanda zenyewe.

Kwa wasomaji wengine wenye zile mashine za ofisi zilizotumika, OptiPlex za Dell au EliteDesk za HP: nyingi hazina ukurasa wa kuchora mstari, na baadhi zina plagi za feni za aina yake zisizofanana na za kawaida. Msikate waya. Usafi na pasta mpya ndivyo vitakavyowapunguzia kelele.

Na wewe mrekodi, kabla hujatumia hela iliyobaki, jaribu hili usiku wa leo. Maiki yako kama ni ya kawaida ya waimbaji inasikia mbele na kuziba nyuma. Kwenye picha nimeona kasha liko kwenye meza, ubavuni mwa maiki. Lishushe chini, lipeleke mbali kadiri waya unavyoruhusu, mgongo wa maiki ulitazame kasha. Waya wa kawaida wa USB 2.0 unafika mita 5 bila matatizo. Kama mlango wa uani unaweza kuupitishia waya, kasha likakae upande wa pili wa ukuta, pakavu, mbali na ndoo za maji, na hapo hata feni zikipanda kidogo mtoto anayeanzisha ubeti hataingiliwa.

Ukimaliza, usipime asubuhi. Subiri saa nane mchana, chumba kikiwa na joto lake halisi, funga dirisha kama unavyofunga wakati wa kurekodi, kisha irende ile harusi iliyokatika, ukae nayo mpaka iishe. Tazama namba ya prosesa kila baada ya dakika kumi. Ikikaa chini ya 85 muda wote, usiongeze kitu. Ikipita hapo, pandisha feni za kasha kwanza kabla ya kugusa ya prosesa. Halafu waite wale watoto kumi na wanne warudi, mwambie mwalimu ukweli kwamba mashine ilikuwa na kasoro na umeirekebisha. Atakuelewa.